Pete ya Mutahi na Mwanamke Aitwaye Swichi

Fundi wa misalaba pale Skuta alinipigia simu Jumatatu asubuhi, patasi ikigonga jiwe nyuma ya sauti yake.

"Mama, hii neno ya mwisho niweke ama niache?"

Tulikuwa tumemwandikia kwenye karatasi jina la ndugu yangu, Elijah Mutahi, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na chini yake maneno mawili tu: Fundi Mwaminifu. Alikuwa amechonga yote hadi "Fundi". Kisha mjomba wetu akapita hapo akitoka sokoni, akamwambia asimame kwanza, kwa sababu familia haijakubaliana.

Ni kweli haikuwa imekubaliana. Mwezi mmoja baada ya kumzika, kule kwetu Tetu zilizunguka habari mbili juu ya Mutahi, na zote mbili zilipigana na neno hilo moja. Ya kwanza ilisema hakuwa mwaminifu kazini, kwamba ndiye aliyeharibu mitambo ya kiwanda cha chai hata majani yetu yakaoza. Ya pili ilisema hakuwa mwaminifu nyumbani, kwamba alikuwa na mpango wa kando, na mwanamke mwenyewe alijulikana kwa jina. Aliitwa Swichi.

Mungu anisamehe nikicheka ninapoandika haya. Nimemlilia ndugu yangu tangu Julai, na bado kuna asubuhi naishika simu ili nimpigie kabla sijakumbuka. Lakini mambo aliyofanyiwa na watu wenye suti yanachekesha, nami sikupewa uso wa kuficha.

Mutahi alikuwa mwembamba, mwenye koti kubwa kuliko yeye, na kila mfuko wa koti hilo ulikuwa na bisibisi. Alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Hakuweza kumkama ng'ombe bila kupigwa teke. Redio iliyonyamaza hakuipita, hata ikiwa ya mtu asiyemjua; angesimama akaomba aione. Kanisani ndiye aliyetengeneza vipaza sauti kila Jumamosi, na kila Jumapili vilipiga kelele mara moja tu, wakati Mzee Wambugu alipoinuka kutoa matangazo marefu. Sikuwahi kumuuliza. Mambo mengine ni kati ya mtu na Muumba wake.

Na alipenda Kiswahili. Sisi wengine tulifika kidato cha nne tukakiacha hukohuko, yeye alitoka nacho. Ukisema "kitabu yangu" mbele yake, alikurekebisha hata kama uko kwenye foleni ya hospitali. Kiswahili hicho ndicho kilichomponza.

Kazi yake ilikuwa kutunza mtandao wa kiwanda cha chai. Jina la kiwanda sitalitaja. Anayekijua anakijua, na asiyekijua anywe chai yake kwa amani. Mle ndani kuna visanduku saba viitwavyo swichi, vyenye taa ndogondogo na waya, ambavyo mashine hupitishia maneno yao. Kimoja kiko ofisini, kingine kwenye mizani, kisha mahali majani yanaponyaushwa, yanapokatwa, yanapokaushwa, kisha kwenye boila la mvuke, halafu ghalani. Cha ghalani kimeungwa tena na cha ofisini, ili mstari uwe duara. Mafundi huliita duara hilo ring.

Nilimuuliza siku moja kwa nini duara, kwa nini wasipange tu mstari wakamaliza. Tulikuwa tunachambua maharagwe kwa mkewe, Tabby.

"Wewe si ndiye mwenyekiti wa mnyororo wa maombi?" akaniuliza.

Ndiye mimi. Kila Jumatano akina mama kumi na wawili tunapitishiana jambo la kuombea kwa simu. Mimi humpigia wa kwanza, naye humpigia wa pili, hadi wa mwisho, ambaye hunipigia mimi. Wa mwisho ni Tabby.

"Simu ya Tabby isipokufikia hadi saa sita, unajua nini?"

"Najua kuna mmoja ameenda kwa saluni na simu iko kwa mkoba."

"Basi. Na wale wa baada yake unawaacha hivyo?"

"Nawaacha aje? Namwambia Tabby aanzie huko mwisho arudi nyuma."

Akapiga goti lake kwa furaha. "Hiyo ndiyo ring! Ile swichi ya ofisini ni wewe, mkubwa. Kila dakika, mara nyingi sana, inatuma kasalamu kadogo kupitia mlango mmoja na kukangoja kwenye mlango wa pili. Huo mlango wa pili haupitishi kitu kingine, umefungwa. Ungeachwa wazi, maneno yangezunguka na kuzunguka bila mwisho mpaka mtandao wote ushikwe na kizunguzungu."

"Kama umbeya."

"Kama umbeya. Sasa salamu isiporudi, mara moja, mara mbili, mara tatu, mkubwa anajua waya umekatika mahali. Hapo hapo anafungua ule mlango wa pili, na wale waliokatwa wanafikiwa kwa upande mwingine. Kazi haisimami hata kidogo."

"Na jirani wa mahali palipokatika hasemi?"

"Akiona amempoteza jirani yake, anapiga kelele mara moja. Lakini kuna wakati taa inawaka na maneno hayapiti. Kwa nje ni mzima kabisa. Ndiyo maana mkubwa haamini mtu, anatuma salamu yake mwenyewe." Akanitazama. "Kama wewe."

Nilimrushia ganda la haragwe. Lakini nilielewa, na tangu siku hiyo, Tabby akiwa jikoni, Mutahi ndiye aliyenipigia Jumatano kwa niaba yake. Hakusema shikamoo wala habari. Alisema tu, "Mkubwa, salamu zimerudi," akakata.

Mwezi wa pili mwaka huu, wakurugenzi wa kiwanda, ambao huchaguliwa na sisi wakulima kwa sababu zisizojulikana, waliamua kwamba ripoti zote zitaandikwa kwa Kiswahili. Mzee Wambugu, mwenyekiti wao, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu, alisema Kiingereza kinawaficha wakulima mambo. Wengine walinung'unika. Mutahi alifurahi kama mtu aliyepata ng'ombe.

Mwezi wa tatu, lori la kuni lilipita juu ya mtaro ulio kati ya boila na mashine za kukaushia, likavunja vifuniko vya saruji na kuukata waya wa chini. Kiwanda hakikusimama. Mkubwa alikosa salamu zake, akafungua mlango wa pili, chai ikaendelea kutoka. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba taa nyekundu iliwaka kwenye kisanduku kilicho ukutani, juu ya meza ya Anita, karani wa ofisi.

Mutahi akaketi akaandika ripoti yake ya kwanza kwa Kiswahili sanifu. Ninayo nakala, na hivi ndivyo inavyosema:

"Naripoti kwamba pete imekatika. Salamu zinazotoka kwa mkubwa hazirudi tena. Mlango wa pili, ambao siku zote hufungwa, umefunguliwa ili maisha yaendelee, na kwa nje hakuna anayeona tofauti. Lakini tunaishi kwa upande mmoja tu. Ikikatika mara ya pili tutatengana kabisa. Naomba kusaidiwa haraka. E. Mutahi, fundi."

Hakuandika "ring" kama mafundi wote wa dunia. Ring ni pete, akaandika pete. Wakurugenzi saba waliisoma ripoti hiyo mezani, wakavua miwani, wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini fundi wa waya alete ndoa yake kwenye kikao cha chai. Walihuzunika tu. Iliazimiwa mwenyekiti amtembelee.

Nilikuwepo siku hiyo ya Jumamosi, namenya viazi na Tabby mlangoni. Mzee Wambugu alikuja na mkate na pakiti mbili za maziwa, akazileta kwenye nyumba yenye ng'ombe watatu. Akaketi, akavuta pumzi ndefu.

"Tabby, mwanangu, tumesikia."

"Mmesikia nini, mzee?"

"Mambo ya pete."

Tabby akatazama kidole chake, kilichokuwa na maji ya viazi. "Pete yangu iko hapa."

"Basi ni yake imekatika."

Mutahi akatoka zizini amepigwa teke, koti lina samadi. Mzee akamtazama kwa huruma kubwa.

"Mutahi, usikatae, uliandika kwa mkono wako. Ati mlango wa pili umefunguliwa."

Tabby akaweka kisu chini. "Mlango gani wa pili?"

Ndugu yangu alielewa kabla yetu sote, na hilo ndilo lililomwangusha, maana alianza kucheka, na kicheko chake kiligeuka kikohozi, na mtu anayekohoa hawezi kujitetea. Alichoweza kutoa ni, "Mzee, ni pete ya swichi!"

"Huyo Swichi ni wa wapi?"

"Ziko saba, mzee!"

"Saba!"

"Moja kwa boila, moja kwa mizani, moja iko ofisini kwa Anita..."

Mzee Wambugu akavua kofia. "Mpaka ofisini," akasema polepole.

Kisha akasimama kuomba, na mzee huyo akianza kuomba hakuna njia ya kumkatiza. Alimwombea Mutahi, akamwombea Tabby, akaomba Swichi popote alipo aguswe aache nyumba za watu. Mutahi alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka. Mzee alidhani ni machozi ya toba. Alipotoka aliniambia langoni, "Ameguswa. Nimemwona akilia."

Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Tabby hakucheka. Alinifuata nyuma ya nyumba.

"Mama Mwai, niambie ukweli. Kuna msichana anaitwa hivyo?"

"Tabby, ni sanduku. Sanduku la waya."

"Bwana akishikwa, wa kwao husema hivyo hivyo. Ati ni sanduku."

Ilichukua siku mbili na picha nyingi za kuchora kwa kalamu ndipo Tabby akaanza tena kumpakulia chakula kwenye sahani yake ya kawaida. Lakini kijiji hakikuchorewa picha. Wakurugenzi saba wana wake saba, na kufikia Jumapili Swichi alikuwa na umri, kazi, na nyumba ya kupanga Kerugoya.

Baada ya kikao kilichofuata, Mutahi alienda kwa Meneja Waweru. Huyu ni mtu aliyesoma. Vyeti vyake viwili vimetundikwa ukutani, na Mutahi alijua kwamba Waweru anajua swichi ni nini.

"Majani yanaingia?" Waweru akamuuliza.

"Yanaingia."

"Chai inatoka?"

"Inatoka."

"Sasa ni nini imekatika?"

"Ule waya wa pili, meneja. Tumebaki na njia moja. Ikikatika tena..."

"Mutahi. Jambo la pete liko kwa kumbukumbu za kikao. Imeandikwa mwenyekiti ameshughulikia, mmerudiana. Kulifungua tena, lazima mtu amwambie mwenyekiti alikosea. Ni wewe utamwambia?"

Waweru akainuka, akatoka hadi meza ya Anita, akaiona ile taa nyekundu, akasema inawashtua wageni. Akatafuta kalenda ya duka la pembejeo, yenye picha ya mbuzi wa maziwa, akaitundika juu yake.

Ndugu yangu, akiniita kwa jina langu, aliniambia jambo siku hiyo ambalo sijalisahau. "Ring ina kosa moja tu, Wakonyo. Inawabeba watu vizuri sana. Ingekuwa inasumbua kidogo, ingetengenezwa." Hakulisema kwa uchungu. Mimi ndiye niliyebaki na uchungu wa watu wawili.

Aliandika ripoti ya pili mwezi wa nne na ya tatu mwezi wa tano. Kwa nini hakubadilisha neno akaandika waya? Alibadilisha. Ripoti ya pili ilisema "waya wa pete". Wakurugenzi wakaona ameanza kuandika kama mtu aliyechanganyikiwa, wakaazimia ndoa yake iombewe tena. Kwa ripoti ya tatu walichukua hatua kali zaidi. Walimwondoa kwenye zamu ya ziada, ile ambayo angeitumia kuutafuta waya mtaroni mwenyewe, ili apate muda wa kukaa na mkewe.

Julai baridi iliingia kifuani mwake haikutoka. Alilazwa siku sita. Siku ya mazishi Meneja Waweru alisema Mutahi ameacha pengo lisilozibika, naye meneja ni mtu wa kutimiza maneno yake, kwa sababu hadi leo hajaajiri fundi mwingine.

Wiki tatu baadaye walikuja wageni wa heshima kuona kiwanda. Kulikuwa na hema, akina mama wa kuimba, na mche wa mti wa kupandwa mbele ya ofisi, kwa ukumbusho. Shimo lilikuwa limechimbwa nusu. Waweru hakutaka wageni waone shimo fupi. Alivua koti, akachukua jembe, akalimalizia mwenyewe, kwa nguvu, picha zikipigwa. Pigo la nne lilikata waya unaotoka ofisini kwenda kwenye mizani.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu ndicho walichokuja kumsingizia maiti. Duara zima likikatwa mahali pamoja, hugeuka mstari, na kila kisanduku bado kinaweza kumfikia mwenzake. Mstari ukikatwa tena, unakuwa vipande viwili. Kwenye kipande kimoja zilibaki mizani, kunyausha, kukata na kukausha. Kwenye kingine zilibaki boila, ghala na ofisi. Mashine za kukaushia ziliita moto, na boila, lililo hatua thelathini kutoka hapo, halikusikia. Lilingoja kuitwa, likanyamaza, likajizima kama lilivyofundishwa. Mkubwa alituma salamu zake, hazikurudi, na safari hii hakuwa na mlango wa kufungua. Ulikuwa wazi tangu Machi.

Majani yalilala kwenye vitanda vya kunyaushia yakawa meusi. Sisi tulikaa na vikapu kwenye kituo cha kuuzia majani siku mbili, hakuna lori lililokuja. Siku ya tatu likaja tangazo, likabandikwa ukutani: hitilafu ilitokana na kazi duni ya fundi aliyekuwepo, aliyefunga mitambo kwa mtindo wa duara bila ushauri wa meneja, na barua kamili itasomwa kwenye mkutano mkuu wa wakulima Alhamisi.

Watu walisoma, kisha wakageuka kunitazama mimi na kikapu changu. Mwanamume mmoja wa kwetu akauliza kwa sauti, "Wakonyo, si huyu ndiye alikuwa anaangalia Swichi badala ya kuangalia mashine?" Wakacheka. Tabby alikuwa nyuma yangu. Aliinua kikapu chake kilichojaa majani yaliyokufa, akakishusha, akaenda nyumbani bila hicho.

Ndiyo maana mjomba alimsimamisha yule fundi wa Skuta. Alisema tusichonge neno ambalo watu wataenda makaburini kulicheka. Nami nilimwambia fundi kwenye simu, "Ningoje hadi Ijumaa."

Kwanza niliomba. Kisha nikampigia Anita, kwa sababu Mungu hujibu, lakini kumbukumbu za vikao ziko kwa Anita.

"Siwezi kukupa kitabu, mama," akasema. "Nitafutwa."

"Sijaomba kitabu."

Nikasikia akifunga mlango. "Kwa mkutano mkuu, mwanachama yeyote akiomba kumbukumbu zisomwe, mimi lazima nisome. Na mimi husoma kila kitu. Hata koma." Kisha akaongeza, "Huyo Swichi wa ofisini walikuwa wanasema ni mimi. Unajua hiyo?"

Sikuwa najua. Nilimwambia alete miwani.

Alhamisi tulijaa kwenye ukumbi wa kiwanda. Tabby hakutaka kuja. Nilimketisha kando yangu nikamshika mkono kwa ile pete yake. Waweru alipofungua bahasha yenye barua, nilisimama.

"Mwenyekiti, kabla ya barua, naomba kumbukumbu za Machi, Aprili na Mei zisomwe. Zile za Mutahi."

Waweru akaruka. "Hizo ni mambo ya kibinafsi ya marehemu, tusimwaibishe."

Lakini Mzee Wambugu alipunga mkono. Alipendezwa. Alidhani wakulima watasikia jinsi alivyomhudumia kondoo aliyepotea. "Wacha zisomwe. Watu wajue hatukumtupa kijana. Soma, Anita."

Anita akasoma kwa sauti yake ya kusoma orodha. Alisoma ripoti ya kwanza nzima, pete, salamu, mlango wa pili, halafu: "Iliazimiwa mwenyekiti aitembelee familia. Hatua: mkate." Alisoma kikao kilichofuata: "Jambo la pete. Mwenyekiti aliripoti marehemu, samahani, fundi, alitubu kwa machozi. Jambo limefungwa." Alisoma maombi ya Aprili. Alisoma zamu iliyoondolewa Mei, "ili fundi apate nafasi ya kujenga ndoa." Ukumbi ulikuwa umeanza kunong'ona, maana baadhi ya wanaume hufanya kazi mle kiwandani na walishaanza kuelewa.

"Meneja," nikasema, "wewe umesoma. Wakulima hawajui ring ya swichi ni nini. Tueleze."

Uso wa Waweru ulikuwa wa mtu aliyeulizwa na askari kama gari ni lake. Akisema hajui, vyeti viwili vitamcheka kutoka ukutani. Akisema anajua, amejifunga. Kiburi kikamshinda. Alieleza, na nikiri alieleza vizuri, salamu inavyozunguka na mlango unavyofunguliwa.

"Asante. Kwa hivyo Machi, Mutahi alikuwa anasema nini?"

Akatazama barua iliyokuwa mkononi. "Alikuwa anasema... waya imekatika."

"Na Aprili?"

"Waya imekatika."

"Na Mei?"

Sauti kutoka nyuma ikamjibia, "Waya imekatika!"

"Na ule waya wa pili ulikatwa na nani? Tuliona picha, meneja. Ulivua hadi koti."

Kelele ikawa kubwa. Mzee Wambugu alikuwa bado amesimama, anatazama huku na huku.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kwa hivyo Swichi si mtu?"

"Mzee, uliombea sanduku!" akapaza mwanamume yuleyule wa kituoni, na ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata Anita alishika kitabu mbele ya mdomo.

Mzee hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alingoja wakachoka. Kisha akasema, kwa sauti isiyo ya matangazo, "Nilimwombea mtu aache dhambi ambayo hakuwa nayo. Na waya nikaiacha." Akamgeukia Anita. "Andika kwamba fundi alisema mara tatu. Andika sisi ndio hatukusikia. Na hiyo barua isisomwe."

Tabby alikuwa amekiminya kidole changu hadi kikafa ganzi.

Ijumaa nilimpigia fundi wa Skuta. "Weka," nikamwambia. "Herufi kubwa kuliko zile zingine."

"Itakuwa haijalingana, mama."

"Isilingane."

Jumamosi ya wiki iliyofuata tuliusimika msalaba. Mjomba alikuja na hakutaja lolote, akashika kamba kama wengine. Mzee Wambugu alikuja pia, bila mkate. Alisoma jiwe, midomo ikitembea, kisha akanivuta kando.

"Wakonyo, na ile pete, ilitengenezwa?"

Nilikuwa nangoja swali hilo, kwa sababu Anita alishaniambia. Waliunganisha waya wa pale kwenye mti tu. Chai ilipoanza kutoka, Waweru alisema kazi imeisha. Ule wa boila ulikuwa bado umekatika tangu Machi, na taa nyekundu ilikuwa bado inawaka nyuma ya yule mbuzi wa kalenda.

Nilimwambia hivyo. Kwa mazoea akasema, "Tutaliweka kwa maombi."

"Liwekeni, mzee. Lakini mwombe mkiwa mmeshika jembe."

Anita anasema Jumatatu mzee alifika kiwandani na buti za shamba, akasimama juu ya ule mtaro wa boila, akakataa kiti. Waweru akaita mafundi kutoka Nyeri mjini, wakafukua, wakaunganisha waya. Mzee hakuondoka hadi walipomwambia salamu imerudi. Inasemekana aliwataka waitume tena, aione kwa macho yake.

Anita alinitumia picha. Kalenda ilikuwa imeng'olewa, imeacha alama nyeupe ukutani, na katikati ya alama hiyo palikuwa na kisanduku kidogo cha kijivu, kina vumbi, waya zikining'inia, taa ndogo ya kijani inawaka.

Nilimpelekea Tabby, aliyekuwa anamenya viazi mlangoni. Akapangusa mikono, akaichukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu."

"Na ndugu yako alimwangalia kila siku, miaka yote hiyo."

"Kila siku."

Akanirudishia simu, akashika kisu chake.

"Mama Mwai," akasema, "na si mrembo hata."